Gari la Milango Miwili, Nyumba ya Watu Watano



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda mkashangaa kulikuta katika ukurasa huu. Tumezoea kuzungumza juu ya ulevi, wakwe, malezi ya watoto na sala ya jioni. Leo tuzungumze juu ya gari. Wala si gari la kubebea magunia ya viazi, bali gari dogo la michezo, lile la milango miwili, lenye mgongo ulioinama na sauti ya kunguruma. Wauzaji huliita "kupe". Sisi tuliolelewa katika nyumba za wafugaji tukisikia kupe tunatafuta dawa ya kunyunyizia ng'ombe. Lakini tusicheke upesi, maana kupe huyu wa chuma naye anaweza kunyonya damu ya nyumba tusipoangalia.

Alhamisi moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, mama mmoja alibaki nyuma akijifanya anapanga viti. Nitasimulia habari zake na za mumewe kwa ruhusa yao wote wawili, bila kuwataja majina. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, mumewe ni karani wa hesabu. Wana watoto watatu, na nyumba ambayo kuta zimesimama lakini upande mmoja haujaezekwa.

Mama huyu alikuwa akitayarisha koti la mumewe kulifua, akakuta karatasi mbili mfukoni. Ya kwanza ilikuwa ankara kutoka Japani ya gari aina ya Toyota 86 lililokwisha kutumika. Ya pili ilikuwa nakala ya fomu ya mkopo wa SACCO. Mahali pa kueleza mkopo ni wa kazi gani, mumewe alikuwa ameandika: kumalizia nyumba. Na kati ya wadhamini watatu waliotia sahihi, mmoja alikuwa kaka yake mama huyu.

"Katekista," aliniambia, "gari lenyewe silichukii. Lakini ametumia jina la nyumba yetu kuombea gari, na kaka yangu amemwekea sahihi bila kujua."

Kufikia siku hiyo walikuwa na wiki tatu wakizungumza kupitia watoto. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako nimeshiba." Mnaijua hali hiyo. Nyumba ina watu watano, lakini kimya chake ni kama cha nyumba ya msiba.

Je, kutamani gari ni dhambi?

Jumapili iliyofuata nilimwita mume, tukaketi chini ya mti nyuma ya kanisa. Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kumhubiria juu ya anasa. Namshukuru Mungu kwamba nilimwuliza swali kwanza. Nilimwambia, "Ndugu yangu, gari la namna hii ulianza kulitaka lini?"

Alinyamaza kidogo, akasema, "Pasaka ya mwaka 1994."

Alikuwa mtoto wa miaka minane. Wazee wenzangu mtakumbuka kwamba miaka ile mashindano ya Safari Rally yalifanywa wakati wa Pasaka. Baba yake alimbeba mabegani hadi kando ya barabara ya vumbi, wakangoja saa nyingi na mkate na chai ya chupa. Mwaka huo Mkenya, Ian Duncan, alishinda akiendesha Toyota Celica. Redio ilipotangaza, baba yake alipiga kelele kana kwamba ndugu yake wa tumbo moja ndiye aliyeshinda. Kisha akamwambia mtoto, "Ukikua utaninunulia moja kama ile." Kabla ya Pasaka nyingine kufika, baba huyo alikuwa amezikwa.

Mwanamume huyo aliokota kijiti akakivunja vipande vipande. Nikamwuliza, "Mama watoto analijua jambo hili?"

"Hajawahi kuniuliza."

"Na wewe hujawahi kumwambia."

"Sijawahi."

Wapendwa, hao ni watu walioishi katika ndoa miaka kumi na mitatu. Wamelala kitanda kimoja, wamezaa, wamezika wazazi pamoja. Na bado mke hajui kwamba mumewe ana mtoto wa miaka minane ndani yake, anayengoja kando ya barabara.

Kwa hiyo, kutamani kitu kizuri si dhambi. Mungu ndiye aliyetupa macho ya kuona uzuri na mikono ya kuutengeneza. Mtu aliyefanya kazi kwa haki anaweza kununua kitu cha kumfurahisha. Lakini tamaa ikianza kuhitaji uongo ili itimizwe, hapo tusimame tujichunguze.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 5, habari za Anania na Safira. Wengi wetu hudhani kosa lao lilikuwa kubakiza fedha. Sivyo. Petro alimweleza Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika mamlaka yake. Kosa lilikuwa kusema hiki ndicho chote, hali si chote. Tena angalieni kwamba wale walikuwa mume na mke, nao walipatana vizuri sana. Kupatana peke yake hakutoshi. Tunaweza kupatana katika kweli, na tunaweza kupatana katika uongo.

Mtamba wa mama mkwe

Msidhani ninawarushia wengine mawe. Mwaka 2009 mimi niliuza mtamba kwa siri ili ninunue pikipiki iliyotumika. Nilijiambia kwamba ni kwa kazi ya Bwana, ili nifike vigango vya mbali. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilichoka kuonekana nikitembea kwa miguu wakati vijana niliowafundisha katekisimu wananipita kwa pikipiki zao.

Mtamba yule tulipewa na mama mkwe, alipojifungua mke wangu mtoto wa kwanza. Niliporudi na pikipiki, mke wangu hakugomba. Alichukua chupa ya maziwa akaiweka mezani mbele yangu, tupu, akaenda kulala. Iliniuma kuliko matusi. Niliungama kwa padre siku tatu baadaye, lakini ilinichukua miezi miwili kuungama kwa mke wangu. Padre aliniondolea dhambi mara moja. Mama watoto alihitaji kuniona nikibadilika, na hilo ni haki yake.

Pikipiki ile ilinisaidia miaka mingi, sikatai. Lakini sikuwahi kuiendesha kwa furaha.

Ketini kwanza, tena wote wawili

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asikae kwanza kuhesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Basi tuhesabu. Wanandoa wengi hugombana juu ya gari ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelipigia hesabu kamili.

Kwanza, tujue aina. Toyota Celica iliacha kutengenezwa mwaka 2006. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Celica utaipata tu miongoni mwa yale yaliyokwisha kuwapo nchini, na ni gari la umri mkubwa. Wapendao namna hiyo sasa huagiza Toyota 86, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 pamoja na ndugu yake Subaru BRZ, au Mazda MX-5. Hiyo Mazda ina viti viwili tu. Toyota 86 ina vinne, lakini vile vya nyuma ni vya watoto wadogo, na mtu huingia kwa kukunja kiti cha mbele. Mjiulize, mama mkwe akija kutoka nyumbani, atapandia wapi?

Pili, bei ya Japani siyo bei ya gari. Tuseme Mamlaka ya Mapato imelipa gari thamani ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya petroli iliyozidi sisi 1,500 ni asilimia 25, nao hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili: 337,500. Kisha VAT asilimia 16 juu ya yote: 270,000. Kodi hizo tatu peke yake ni 957,500. Bado ada ya tamko la bidhaa, ada ya reli, gharama za bandari, wakala wa kulitoa gari Mombasa, na kuliandikisha. Tena Mamlaka haifuati tu stakabadhi yako. Hutumia orodha yake ya bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kwa kadiri ya miaka yake. Viwango hivi huweza kubadilika bajeti inaposomwa, basi ulizeni kabla ya kutuma hata senti moja.

Yule bwana alikuwa amehesabu bei ya Japani na nauli ya meli tu. Karani wa hesabu! Tamaa huweza kumsahaulisha hata mwenye cheti cha uhasibu.

Tatu, jipya au lililotumika? Gari jipya lina dhamana ya mtengenezaji na halina historia ya kufichwa, lakini hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya kwanza. Lililotumika ni nafuu, ila gari la michezo mara nyingi limeendeshwa na kijana mwenye haraka. Ukiagiza, dai karatasi ya mnada ya Japani, inayoonyesha kilomita na alama za kugongwa, na uhakikishe si ya kughushi. Ukinunua hapa nchini, tafuta habari za gari katika mtandao wa NTSA ujue mwenyewe ni nani na kama kuna benki inayolidai, kabla ya kugusa logibuku ya mtu. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Atazame chini ya gari, klachi, mianya kati ya milango na bodi, na springi kama zimekatwa ili gari lishuke. Toyota 86 ina injini ambayo pistoni zake zimelala ubavuni, hata kubadilisha plagi ni kazi. Mwulize fundi wa mtaani kwenu kama amewahi kuigusa.

Nne, barabara. Gari hilo limeinuka kutoka ardhini kama sentimita 13 tu, na tairi zake ni nyembamba ubavuni. Hesabu matuta kutoka nyumbani kwako hadi kanisani. Hesabu pia mvua za Aprili.

Tano, gharama za kila mwezi: petroli, bima, tairi, spea. Bima ya mtu wa tatu ndiyo sheria inayolazimisha, lakini hiyo hailipi gari lako likigongwa kwa kosa lako au likiibwa. Mkichukua mkopo, mwenye kukopesha atadai bima kamili.

Na mwisho, wadhamini. Anayekudhamini katika SACCO ameweka akiba ya watoto wake mikononi mwako. Kumficha kazi ya mkopo ni kumwibia haki ya kukataa.

Jioni tatu

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, sura ya nne, aliwahimiza wanandoa wapeane wakati wa kusikilizana, bila haraka ya kujibu. Kwa maneno yetu ya nyumbani, mwache mwenzako amalize. Nikawapa wale wawili kazi ya jioni tatu, watoto wakiwa wamelala.

Jioni ya kwanza ni ya kusikiliza tu, bila hesabu yoyote. Mume akamsimulia mkewe habari za Pasaka ile. Mama aliniambia baadaye kwamba hakujua kama amlilie mume au amlilie yule mtoto. Lakini kabla ya hapo mimi nilikuwa nimemwuliza yeye pia, "Mama, na wewe huna karatasi mfukoni?" Alicheka, kisha akalia. Kwa miaka sita alikuwa na akiba katika chama cha akina mama ambayo mumewe hakuijua. Mama yake mzazi alimfundisha kwamba mwanamke hana budi kuwa na kitu cha siku ya giza. Simlaumu mama yule, kuna wanawake waliookolewa na akiba ya namna hiyo. Lakini hapa hapakuwa na mume mlevi wala mpigaji. Palikuwa na watu wawili wema, kila mmoja na mfuko wake uliofungwa. Basi jioni hiyo mifuko yote miwili ilifunguliwa.

Jioni ya pili ni ya karatasi: mishahara, madeni, karo, mchango wa kanisa, akiba ya chama, ankara ya Japani. Yote mezani. Jioni ya tatu ni ya kuamua, na kanuni ni moja: asiyekubali asilazimishwe, na aliyekubali asirudi nyuma baadaye akisema "nilikuambia".

Mkopo ulikuwa bado haujaidhinishwa. Mume alikwenda SACCO mwenyewe akaiondoa ile fomu. Kisha akafunga safari kwenda kwa shemeji yake kumwomba radhi. Shemeji alinyamaza muda mrefu, akasema, "Ungeniambia ni gari, huenda ningetia sahihi tu." Bwana huyu anasema maneno hayo yalimwaibisha kuliko kama angefukuzwa.

Mabati yalinunuliwa, na sehemu yake ilitoka katika akiba ya chama. Ile nyumba sasa imeezekwa yote. Gari hawajanunua. Labda watalinunua watoto wakimaliza shule, labda hawatalinunua. Wamefungua akaunti moja yenye majina mawili, na kila mwezi huweka humo kiasi kidogo. Mama ndiye aliyeweka wa kwanza.

Machi 2025 walipanda matatu wote watano hadi Naivasha, mahali ambapo Safari Rally imekuwa ikifanyika tangu iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021. Baba alimbeba kitinda mimba mabegani. Magari yalipopita na vumbi lake, mkewe alimsogelea akamwambia sikioni, "Sasa nimeliona gari lako."

Wapendwa, sisemi kila anayetaka kupe amuage. Ikiwa madeni yamekwisha, paa halivuji, watoto wamesoma, maskini wa jumuiya hamkumsahau, na ninyi wawili mmekubaliana mkitazamana machoni, nunueni. Nendeni nalo Misa, mwombeni padre alibariki. Siku ya harusi hakuna mtu wa tatu aliyewapa sakramenti ile. Ninyi wenyewe mlipeana, kwa ridhaa yenu mbele ya Kanisa. Ridhaa ile haikuisha siku ile. Inatakiwa tena mbele ya fomu ya mkopo, mbele ya ankara, hata mbele ya mtamba.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, kuna kitu ninachokitamani tangu utotoni ambacho mwenzangu hakijui? Kwa nini sijamwambia?

2. Kuna karatasi, deni au akiba iliyo mfukoni mwangu ambayo ningeaibika mwenzangu akiiona?

3. Kitu tunachotaka kununua sasa, tumekihesabia gharama yote, au bei ya kwanza tu?

4. Ni nani atakayeumia tukishindwa kulipa?

Tuombe

Ee Bwana, uliyekaa Nazareti katika nyumba ya fundi, utufundishe kuketi pamoja kabla ya kununua na kuambiana kweli kabla ya kutia sahihi. Tunapotamani vitu vizuri, usituache tuvipende kuliko aliye kando yetu. Uliyevunjika moyo kwa kimya cha mwenzake umponye, na aliyeficha umpe ujasiri wa kufunua. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Hadi mwezi ujao, amani ya Kristo ikae katika nyumba zenu. Ni mimi katekista wenu.